D Mbili



Leo naomba tuanze na hesabu, hata kama wewe ni mtu wa HGL na uliapa kutokutana nayo tena. Matokeo ya kidato cha nne yanapangwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mwenye F zote saba ana pointi 35, na hiyo ni sifuri. Mwenye D moja na F sita ana 34, bado sifuri. Mwenye D mbili na F tano ana 33, na huyo yuko daraja la nne. Baraza la Mitihani linamhesabu kuwa amefaulu. Na D inaanzia alama 30 kwa 100.

Kwa hiyo umbali kati ya aliyefeli na aliyefaulu ni D mbili tu (au C moja, kwa wale wabishi). Katika umbali huo mdogo kuna walimu wanaokaa shuleni mpaka giza linaingia, bila posho, na watoto wa watu. Nimewaona. Na tangu niwaone kuna swali limekataa kunitoka kichwani, na shahada yangu ya falsafa haijalimaliza: mwalimu huyu anapokaa mpaka saa moja usiku na mtoto asiye wake, anafanya kazi yake, au anatoa sadaka? Na kama ni sadaka, nani anaruhusiwa kuidai?

Unaweza kusema, "Frateri, majina tu hayo, muhimu mtoto afaulu." Subiri. Majina hapa yana matokeo.

Wengi wenu mnaikumbuka kampeni ya Tokomeza Ziro kule Kisarawe. Jokate Mwegelo aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya hiyo mwaka 2018, na kati ya mambo aliyoyashikia bango ni hilo la kuondoa sifuri kwenye matokeo ya sekondari. Watu walichangishwa, kampuni zikachangia, na leo wilaya ina shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake. Kisarawe si mbali na Dar es Salaam. Unapita Gongo la Mboto, unapita Pugu, unapanda vilima, umefika. Lakini hapo umefika mjini tu. Ukiendelea kwenda Maneromango, Mzenga hadi kule Mafizi, unaingia Kisarawe ya mihogo, korosho, mkaa, na watoto wanaotembea. Binti anayekaa mbali na shule anapangishiwa chumba karibu nayo, yaani geto, ana miaka 15 na anajipikia mwenyewe. Mnajua yanayoweza kumkuta, sitaki kuyaeleza.

Na sifuri haikuwa tatizo la Kisarawe peke yake. Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa na sifuri. Serikali ikaunda tume, na alama zikapangwa upya. Waliokuwa kwenye benchi mwaka ule wengine ni kaka na dada zenu, na baadhi yao hadi leo hawapendi kuulizwa "ulipata division ngapi?"

Sasa kuna maneno tunayapenda sana sisi watu wa Kanisa: "Alama si kitu, mtu ana thamani kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Mungu." Ni kweli tupu. Lakini angalia nani anayasema. Mara nyingi anayasema mtu mwenye cheti mkononi. Mtoto wa Mzenga anayeambiwa "wewe si namba" anajua vizuri kabisa kuwa si namba, bibi yake anamwambia kila siku. Anachokosa ni karatasi ya kupeleka chuoni. Kwa hiyo mimi sitawacheka wanaopigana na sifuri. Kumfariji mtu kwa ukweli mkubwa ili usimpe kitu kidogo anachokihitaji ni mchezo ambao Mtume Yakobo alishaukemea: unamwambia ndugu aende kwa amani, akaote moto na kushiba, na hujampa chochote.

Hata hivyo namba ina ujanja wake. Turudi kwenye D mbili. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti vinadai ufaulu wa masomo manne, tena yasiyo ya dini (ndiyo, kipindi changu mimi hakihesabiwi). Mwenye D mbili ametoka kwenye sifuri, lakini mlango wa chuo bado umefungwa. Nani amefaidika hapo? Shule imefaidika, maana sifuri zimepungua. Wilaya imefaidika, maana grafu imependeza. Mtoto amefaidika kidogo: akirisiti ana pa kuanzia. Unaona hatari ilipo. Vita dhidi ya sifuri inaweza kuwa vita kwa ajili ya mtoto, na inaweza kuwa vita kwa ajili ya ripoti, na kwa nje zote mbili zinafanana. Zote zina kambi, zote zina makande, zote zina mwalimu aliyechoka.

Wakati wa mwaka wangu wa kichungaji nilikuwa nasaidia jioni katika shule moja ya kutwa huko Kibaha, kidato cha nne wakiwa kambini. Mwalimu wa Kiswahili pale alikuwa mama wa watoto watatu. Alikuwa na kidaftari chenye kurasa mbili. Ukurasa mmoja ameandika juu "walio mlangoni", wanaopata 25 hadi 29. Ukurasa wa pili "walio mbali", wanaopata 5, 8, 12. Wengi wa ukurasa wa pili walikuwa hawasomi kwa ufasaha hata Kiswahili chenyewe. Kidato cha nne, nasema. Alikuwa na saa mbili kila jioni, kisha bodaboda ya kwenda nyumbani kupika.

Akaniambia, "Frateri, wewe si umesoma falsafa? Nikizishika saa mbili zote nikawapa walio mlangoni, naokoa kumi na tano, na wakubwa watanipongeza. Nikiwapa walio mbali, labda naokoa mmoja. Labda hata huyo hapatikani. Niambie, kipi ni haki?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na mitihani ya falsafa nimefanya mingi.

Ukilipeleka kwa wanafalsafa wa manufaa, akina Bentham na Mill, jibu linatoka haraka: okoa kumi na tano. Wema mwingi kwa watu wengi. Tusiwadharau, maana mwalimu hana saa ishirini, ana mbili, na kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Ukilipeleka kwenye Luka sura ya 15, unakutana na mchungaji anayeacha kondoo tisini na tisa nyikani akamtafute mmoja. Mahubiri mengi yanapita hapo kwa urahisi mno. Mimi nikiwa kwenye ile kambi nilikuwa nawaza: Bwana, hapa hesabu imegeuka. Hapa aliyeonekana ni mmoja, waliopotea ni tisini na tisa. Mchungaji afanyeje?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza katika Summa yake kama binadamu anaweza kumfundisha binadamu mwenzake. Jibu lake ni kwamba mwalimu ni kama daktari. Daktari haweki afya ndani ya mgonjwa. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona, na daktari anausaidia kwa kuondoa kizuizi na kuleta dawa. Vivyo hivyo mwanafunzi ana nuru ya akili ndani yake, aliyopewa na Mungu. Mwalimu anaichochea tu kwa maneno, mifano na maswali. Kabla yake Mtakatifu Agostino alikuwa ameandika mazungumzo juu ya mwalimu, akiongea na mwanaye Adeodatus, na alikwenda mbali zaidi: anayefundisha kwa ndani ni Kristo mwenyewe, sisi tunatoa sauti tu.

Nililichukua hilo kama kitu cha vitabuni mpaka nilipokaa pale Kibaha. Ukilichukua kwa uzito, mambo mawili yanafuata. La kwanza, matokeo si mali ya mwalimu. Hatuwezi kumpa sifa zote kwa A wala lawama zote kwa F, kama vile hatumpi daktari lawama zote mgonjwa aliyekuja amechelewa akifa. La pili ndilo lililonisaidia kwenye lile swali la mama. Kama nuru imo ndani ya kila mtoto, basi aliye kwenye ukurasa wa pili si mtoto wa aina nyingine. Ni mtoto yule yule mwenye vizuizi vingi zaidi. Njaa ni kizuizi. Kutembea kilomita nyingi ni kizuizi. Kutojua kusoma ni kizuizi. Lugha ni kizuizi, tena kikubwa.

Hapo kwenye lugha naomba nikae kidogo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Biolojia na Jiografia, vyote ni Kiingereza. Wale waliosoma "English medium" hawakugundua hata kama kuna mlango umefungwa. Mtoto wa Maneromango anatumia mwaka mzima kuutafuta ulipo. Ndiyo maana somo la kuokolea kambini mara nyingi ni Kiswahili: ni moja ya sehemu chache ambapo mtoto anaulizwa kwa lugha anayoiwazia.

Kanisa lina mtakatifu wa jambo hili. Yohane Baptista de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, familia yenye uwezo, akawa padri mwenye cheo kwenye kanisa kuu. Enzi zile mtoto alianza kujifunza kusoma kwa Kilatini. Kwa mtoto wa fundi au mchukuzi wa mizigo, ambaye angekaa shuleni muda mfupi tu kisha aende kazini, hiyo ilikuwa kupoteza miaka. De La Salle akaamua katika shule zake waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao. Aliwaingiza walimu maskini nyumbani kwake, ndugu zake wakakasirika. Mwaka 1683 aliacha cheo chake, na katika njaa iliyofuata akagawa mali yake kwa wenye njaa. Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa walimu wote mwaka 1950. Tunapomsifu tunataja zaidi ile mali aliyoigawa. Mimi namsifu zaidi kwa uamuzi wa lugha. Mali aligawa mara moja, ila kizuizi alichokiondoa kiliwafungulia wengi asiowajua.

Sasa turudi Kibaha, maana pale kuna kitu kinachofanya swali letu liume zaidi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, kujenga kituo cha kupambana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kikajengwa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Shule ya Sekondari Kibaha ilianza 1965, na mwaka 1970 kituo chote kikakabidhiwa kwa Tanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Leo Kibaha Sekondari ni moja ya shule za vipaji maalumu, pamoja na Mzumbe, Ilboru, Tabora, Kilakala na Msalato. Inachukua wavulana waliofaulu sana nchi nzima, na wanalala bweni.

Sina kinyongo na Kibaha Sekondari. Taifa linahitaji madaktari na wahandisi, na mtoto wa mkulima mwenye kipaji anastahili mahali ambapo kipaji chake hakitakufa. Wengi wa watoto hao ni wa familia maskini kabisa. Lakini simama pale Maili Moja saa kumi na mbili asubuhi uwaangalie watoto wa shule za kutwa wakigombania daladala na makonda wakiwazuia kupanda. Mji ni ule ule. Kuna mtoto ambaye nchi ilimchagua, na kuna mtoto ambaye nchi ilimpokea tu. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2000 ili kila kata iwe na sekondari, na tangu Januari 2016 hakuna ada. Hilo ni jambo kubwa, na bibi zetu wangeshangaa. Ila kumfungulia mtoto mlango na kumfundisha ni vitu viwili, na kile cha pili kimeachwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kidaftari.

Mwaka huo huo wa 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati mbili ninazotaka uzijue. Oktoba ulitoka tamko juu ya elimu ya Kikristo, linalosema kila mtu, wa kabila lolote na hali yoyote, ana haki ya kupata elimu kwa kuwa ana hadhi ya mtu. Haki, siyo bahati. Novemba ikatoka dikrii juu ya utume wa walei, na ndani yake kuna onyo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila ofisi ya michango: madai ya haki yatimizwe kwanza, isije ikatokea kwamba kile ambacho mtu anastahili kwa haki anapewa kama zawadi ya upendo. Papa Gregori Mkuu alishasema hivyo karne nyingi kabla: tunapompa maskini anachokihitaji, tunamrudishia kilicho chake, tunalipa deni.

Weka hayo juu ya meza pamoja na yule mama wa Kibaha. Mtoto wa ukurasa wa pili anadai kitu. Anadai kujua kusoma, ambako alipaswa kupewa darasa la pili. Deni hilo si la mama huyu. Ni la shule aliyopita, la serikali, la mzazi aliyemtuma kuuza maembe siku za shule, la sisi tuliopita njia ile tukafika. Mama anapolilipa kwa jioni zake, kwa mtoto ni haki inayotimia. Kwa mama ni sadaka, maana analipa deni la watu wengine. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba ni vyote viwili, ila si kwa mtu yule yule. Tukichanganya hapo tunafanya dhulma mara mbili. Tukimwambia mtoto "shukuru, umehurumiwa," tunamnyang'anya haki yake. Tukimwambia mwalimu "kaa, ni wajibu wako," tunamnyang'anya sadaka yake na kuigeuza kodi.

Na hiyo dhulma ya pili inafanyika sana. Mnajua walimu wa kujitolea. Kijana amemaliza shahada ya ualimu, ajira haijatoka, anafundisha Fizikia shule ya kata kwa posho ndogo inayotoka kwenye michango ya wazazi, mwezi mwingine haitoki. Wasomaji wangu wengine ni hao hao. Tunawapigia makofi kwenye mahafali. Katika Mathayo sura ya 20, wale waliokutwa sokoni saa kumi na moja jioni walieleza kwa nini wamesimama siku nzima: hakuna aliyewaajiri. Tazama mwenye shamba alifanya nini. Hakuwaambia wajitolee kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari. Aliwaingiza kazini na jioni akawalipa, tena kamili. Tunapenda kuhubiri ukarimu wa mwenye shamba yule. Siku moja tuhubiri pia kwamba alilipa.

Ndiyo maana huwa nakuwa mwangalifu na habari za walimu mashujaa. Bruda Peter Tabichi wa Kenya, Mfransisko, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani huko Dubai Machi 2019, dola milioni 1. Alikuwa akifundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, kwenye kijiji kinachoitwa, kwa bahati tu, Pwani. Kompyuta moja, wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja, na asilimia 80 ya mshahara wake alikuwa akiwapa wahitaji. Nilipolisoma hilo nilijivunia kuwa Mkatoliki, nisiseme uongo. Lakini bruda ana nadhiri ya ufukara, na ana jumuiya inayomlisha. Yule mama wa Kibaha ana watoto watatu na mkopo. Mtu asimpime huyu kwa kipimo cha yule. Mungu aliyempa Tabichi wito wa kugawa mshahara ndiye aliyempa mama huyu wito wa kuununulia unga, na akifika nyumbani amechoka kiasi cha kushindwa kukagua daftari la mwanaye mwenyewe, kuna mtu kamwibia, hata kama ameenda kambini kwa hiari.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere naye aliliona jambo hili kwa namna yake. Alikuwa akifundisha Pugu, shule ya Kanisa jirani kabisa na Kisarawe, na mwaka 1955 akaiacha kazi ile aishike TANU. Alichagua siasa, lakini jina la Mwalimu hakuliacha. Nafikiri alielewa kwamba kuna vizuizi ambavyo huwezi kuviondoa ukiwa darasani peke yake, hata ukikaa mpaka usiku wa manane. Vinataka sheria, bajeti na mtu wa kupiga kelele. Kijana Mkatoliki anayegombea udiwani ili shule ya kata yake ipate bweni la wasichana anafanya kazi moja na mwalimu wa kambini.

Lakini mama hakuweza kusubiri bajeti. Alikuwa na saa mbili. Nikuambie alichofanya, maana ni yeye aliyelijibu swali lake. Walio mlangoni aliwapanga watano watano, kila kundi na mitihani ya nyuma na kiongozi wao, mwenye nguvu kidogo. Nusu saa ya kwanza, akili yake ikiwa haijachoka, alikaa na walio mbali, akiwasomesha sentensi moja moja kwa kidole. Kisha akapita kwenye makundi. Nilimuuliza kwa nini aanze na wale, wakati hesabu inasema vingine. Akasema, "Frateri, hawa wakiona nimewaacha mpaka mwisho, wataelewa kwamba wako mwisho. Hapo hata nikiwafundisha hawasikii."

Sijaona jibu bora kuliko hilo kwenye vitabu. Halikatai hesabu, makundi yake yaliendelea na wengi wa mlangoni wangeweza kusonga bila yeye kuwa pembeni kila dakika. Ila linaona kitu ambacho hesabu haikioni: mpangilio wa muda nao unafundisha. Mtoto anasoma ratiba ya mwalimu kabla hajasoma ubao. Na kumbuka alivyosema Thoma, nuru imo ndani, mwalimu anaichochea tu. Mtoto aliyeshaamini kwamba yeye ni wa mwisho ameifunika nuru ile kwa mkono wake mwenyewe.

Aristotle anasema katika maandiko yake ya maadili kwamba kuna watu huwezi kuwalipa kinachofanana na walichokupa: miungu, wazazi, na waliotufundisha falsafa. Unawalipa kiasi unachoweza. Na mimi naongeza, wale waliotufundisha "a, e, i, o, u" pia. Wengi wetu tunaosoma hapa kwa simu tulitobolewa na mtu fulani. Kuna mwalimu alikulipia nauli au alikuandikia jina kwenye ukurasa fulani wa kidaftari, na hujawahi kujua ulikuwa ukurasa upi.

Basi, jambo la vitendo, nisiwaache hewani. Parokia yako ina ukumbi? Jumatatu hadi Ijumaa jioni unafanya nini? TYCS na VIWAWA mkienda kwa paroko na ombi lenye siku, saa na majina ya watakaofundisha, ni vigumu kukataliwa. Mnahitaji taa zinazowaka, ubao, mitihani ya nyuma iliyochapwa, na makande au uji, kwa sababu mtoto aliyetoka shuleni saa tisa hajala. Mabinti watoke mapema na wasindikizwe. Msibague dini, Kisarawe wengi wa watoto hao ni Waislamu na deni letu kwao ni lile lile. Na msiende kama waokozi. Nendeni kwanza kwa mwalimu wa shule ya kata iliyo karibu, mkamsalimie, mkamuulize anataka mchukue kundi gani, walio mlangoni au walio mbali. Nadhani atawapa walio mlangoni, ili yeye abaki na wale wengine.